Shajara ya kiungulia cha usiku: kitanda, saa ya kula na Ramadhani (Pemba)

4 Agosti 2024: hali ilivyo

Naandika hii ili nikipata nafuu mwengine aifuate, na nisipopata basi ajue pesa yake asiitupe wapi. Kila hatua ikimalizika ntaongeza chini.

Kiungulia cha mchana nakijua tangu ujana, kinakuja kinaondoka, sikuwahi kukihangaikia. Hiki cha usiku ndicho kilichonichosha. Naamshwa saa nane saa tisa hivi kifua kinawaka kuanzia chembe ya moyo mpaka kooni, mdomoni pamejaa maji makali, na mara nyengine yanapotea njia yanaingia kwenye pumzi, nakohoa mpaka mama watoto anaamka kuwasha taa. Asubuhi sauti imekwaruza na wateja wananipa pole ya mafua. Usingizi ukishakatika vile haurudi, nakaa tu nasubiri adhana.

Siku yangu inakwenda hivi: duka liko mjini Chake, vifaa vya ujenzi, nafunga baada ya Isha, napanda pikipiki mpaka nyumbani Ole, sinia inawekwa saa tatu na nusu au saa nne, wali wa nazi na samaki wa kukaanga na mchuzi, saa tano nishalala. Na sasa ni msimu wa karafuu, kwa hiyo tukishakula tunakaa sote jamvini kuchambua, karafuu huku makonyo (vikonyo vyake) huku, umeinama muda mrefu na tumbo limejaa pomoni. Baina ya tonge la mwisho na mto hapana hata masaa mawili.

Utaratibu niliojiwekea: nabadilisha kitu kimoja, nakiacha wiki mbili hivi, ndio nakwenda chengine. Daftari lina mistari mitatu kwa siku, nimekula nini, saa ngapi, usiku umekuwaje.

25 Agosti: tiba za nyumbani

Nimeanza na zile ambazo kila mtu anakutajia.

Maziwa baridi kabla ya kulala yanatuliza kweli, unausikia ubaridi unashuka, lakini baada ya muda moto unarudi na pengine kuzidi, kwa sababu tumbo linayapokea maziwa kama chakula na linatoa asidi nyengine ya kuyasaga. Usiku nimeyaacha, asubuhi nakunywa bila wasiwasi. Ndimu kwenye maji ya moto, wanayosema inasafisha tumbo, kwangu ilikuwa moto juu ya moto na sioni vipi mtu mwenye koo lililobabuka aongezewe asidi. Magadi kidogo kwenye maji yanafanya kazi haraka kuliko yote, ila yanaleta gesi, unacheua, na kila ukicheua asidi inapanda nayo. Tena magadi yana sodiamu nyingi, mama yangu ana presha na alitaka kuniiga nikamkatalia kabisa. Nawe kama una presha au figo zina shida yaache.

Karafuu je? Kwetu hapa ndiyo dawa ya kwanza, bibi alikuwa akitupa tutafune tumbo likijaa. Kwa jino na harufu ya kinywa sina neno nayo, kwa kiungulia changu cha usiku hakuna ilichobadilisha.

Vile vidonge vya kutafuna vya duka la dawa vinasaidia kwa muda mfupi tu. Vyenye magnesi ukizidisha vinaharisha, vyenye alumini vinafunga choo. Ninavyo mfukoni kwa dharura. Na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, watu wengi tunameza usiku kikishaanza kuuma, haikunifanyia kitu, na sababu yake nimeipata hospitali.

8 Septemba: hospitali

Daktari ni binti mdogo lakini ametulia, ameniuliza maswali kabla ya kuandika chochote. "Baba, chakula kinakwama ukimeza? Umepungua uzito bila kutaka? Umetapika damu, au choo kimekuwa cheusi cha kunata? Kifua kinabana ukitembea, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi?" Yote nikajibu hapana. Nayaandika hapa kwa sababu mwenye hata moja katika hayo asikae kusoma shajara, aende akaonekane, na ile ya kifua kubana na jasho aende saa hiyo hiyo, inaweza kuwa moyo.

Halafu akanichorea kwenye karatasi. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, unapoingia tumboni pana msuli wa duara, unafunguka ukimeza halafu unajifunga. Ukilegea, au tumbo likishiba kupita kiasi, asidi inapanda. Mchana umesimama, asidi inarudi chini yenyewe na mate unayomeza kila mara yanausafisha umio. Usiku umelala chali, mate yanapungua, humezi, kwa hiyo ikishapanda inakaa pale pale inababua. Hapo nikaelewa kitu ambacho miaka yote hakuna aliyenieleza: mimi nilikuwa napigana na pilipili wakati mambo makubwa ni mawili, tumbo liwe limepungua ninapolala na kifua kiwe juu kuliko tumbo. Nyengine zote zinafuata nyuma ya hayo.

Akanipa na haya. Diklofenaki ninayomeza kwa ajili ya mgongo niiache, inachubua tumbo, nitumie parasetamoli. Omeprazoli inamezwa nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi, kwa sababu inazima zile pampu za asidi ambazo chakula ndicho kinaziamsha, ukimeza usiku baada ya kula kinapouma umeshachelewa. Lakini kwanza nipime choo kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, anaitwa Helicobacter pylori, na ili kipimo kisidanganye nikae wiki mbili bila omeprazoli. Basi wiki mbili hizo bila dawa nikaamua ndio za kujaribu kitanda, nione kitanda peke yake kinafanya nini.

29 Septemba: kitanda

Hapa ntaandika kwa urefu maana ndipo palipoharibika mambo mengi na ndipo penye faida kubwa.

Mito haifai. Niliweka mitatu, shingo ikauma na kiungulia kikazidi, kwa sababu unakunjika kiunoni na tumbo linabanwa. Kinachotakiwa ni mwili wote kuanzia kiuno uwe kwenye mteremko, na njia ni kunyanyua matendegu ya mchagoni (upande wa kichwa), inchi 6 mpaka 8, yaani sentimita 15 mpaka 20.

Dukani nina matofali ya saruji ya inchi 6, nikachukua mawili nikayalaza, kila tendegu likakaa juu ya tofali. Vipimo vilikuwa sawasawa. Usiku wa kwanza nikalala mpaka alfajiri, sikuamini. Usiku wa pili mama watoto akageuka, tendegu moja likateleza mpaka ukingoni, kitanda kikalia kelele watoto wote wakaamka, na asubuhi nikaona tofali limemeguka na kigae cha chini kimepasuka. Kitanda cha mvule na watu wawili juu yake ni mzigo, tofali tupu si la kuaminiwa.

Nikaenda kwa fundi seremala wa Machomane na vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi ya mteja. Akaviunganisha kwa gundi na misumari mpaka vikawa vigogo viwili vya inchi 7, kila kimoja kipana kama sahani ya chai. Juu akachimba shimo la inchi moja kwa patasi, kwa kipimo cha tendegu lenyewe (alinituma nirudi nikapime upya, la kushoto ni nene kidogo kuliko la kulia), kwa hiyo tendegu linazama ndani na kitanda kinapanda inchi 6 kamili. Chini akapigilia mpira wa tairi la gari. Ukisukuma kitanda kwa mikono miwili hakiendi popote. Ufundi 18,000, mbao zangu mwenyewe.

Mambo mawili yalijitokeza baadae. La kwanza godoro, kila usiku linashuka kuelekea miguuni na sisi pamoja nalo. Nilijaribu kulifunga kwa kamba, halikukubali. Kilichofaa ni ule mpira wa matundu wa kuzuia zulia lisiteleze, nimeutandika baina ya chaga na godoro, na shuka ya pamba badala ya ile laini ya kung'ara. La pili chandarua. Kinaning'inia darini katikati ya kitanda, kitanda kilivyopanda mchagoni upande wa miguu chandarua kikawa hakifiki chini ya godoro na mbu wakapata mlango. Nimehamisha msumari wa darini kidogo kuelekea miguuni na mama watoto akashona kipande cha kitambaa kwenye pindo.

Mwenye mwenzake asiyetaka kitanda kuinuka, mafundi wa makochi wanakata sponji ya mteremko ya mtu mmoja, iwe ngumu na ianzie kiunoni. Mie sikuhitaji.

Halafu ubavu. Ukilala ubavu wa kushoto tumbo linakuwa chini ya mdomo wa umio na asidi inabaki bondeni, ukilala wa kulia inakuwa kinyume chake, inamwagika kwa urahisi kama chupa iliyolazwa bila kizibo. Hili lilinitia mashaka maana tangu chuo cha Kurani tumefundishwa kulala ubavu wa kulia ni sunna. Nimemuuliza ustadhi wa msikiti wetu, akasema anza kulia, soma dua zako, halafu geuka, sunna haikuja kukudhuru. Ndivyo ninavyofanya.

Matokeo ya wiki mbili bila dawa yoyote: kiungulia hakijakwisha, lakini zile za kuamka nakohoa zimekoma. Majibu ya choo yametoka, bakteria hakuna, kipimo maabara binafsi 15,000. Nimeanza omeprazoli ya miligramu 20 asubuhi, wiki nane kama alivyoandika.

20 Oktoba: saa ya kula

Hii imekuwa ngumu kuliko kitanda kwa sababu inagusa watu.

Kanuni ni masaa matatu baina ya chakula na kulala. Nilijaribu kwanza kuchelewa kulala, nakaa mpaka saa saba, haikuwezekana, asubuhi nafungua duka nimechoka. Nikajaribu kula kidogo tu ile saa nne, nusu sahani, afadhali lakini bado. Kilichobaki ni kula kabla ya Magharibi nikiwa dukani. Nimenunua hotpoti 25,000, kijana wa jirani anakuja Chake skuli mchana, ananiletea. Saa kumi na moja na nusu nakula kwa nafasi nyuma ya kaunta, wali, samaki wa kuchemsha au wa kupaka, mboga.

Mama hakulipenda. "Mwanangu, mwanamme mwenye nyumba anakula chakula cha kubebewa, majirani watasemaje?" Na watoto sinia la usiku na baba yao ndio saa pekee ya kuonana. Sikutaka kulipoteza hilo. Kwa hiyo narudi, nakaa nao jamvini vile vile, mbele yangu kikombe cha maji ya mchaichai au kipande cha papai, tunazungumza, wao wanakula. Mama akishaona nakaa nao ameridhika, na juzi mwenyewe ndiye aliyemwambia mgeni ile hadithi ya thuluthi, thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji, thuluthi ya pumzi, akimwelezea kwa nini mie sili usiku.

Karafuu tumezihamishia asubuhi baada ya sala. Na zile za usiku zisizosubiri nachambua nimekaa kwenye kiti, uteo uko juu ya meza, siinami. Mkanda wa suruali nao nafungua ninapofika nyumbani, navaa kikoi, kiuno kikibanwa tumbo linasukumwa juu.

24 Novemba: chakula chenyewe

Sasa ndio nimelifungua daftari kutazama kipi kinaniumiza. Nimelifanya mwisho kwa makusudi, watu wanaanza na hili, wanakatazwa kila kitu, wanakula wali mkavu mwezi mzima na usiku bado wanaungua, wanakata tamaa.

Urojo jioni ni balaa kwangu, ukwaju na embe mbichi na pilipili na bajia za mafuta vyote katika bakuli moja. Urojo wa saa sita mchana nakula na sioni kitu. Mchuzi wa tungule (nyanya) nyingi jioni unanisumbua, mchuzi ule ule wa nazi nyepesi haunisumbui, ila tui zito la kwanza na samli linanikalia tumboni mpaka usiku wa manane, mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga. Chapati za mafuta na sambusa vivyo hivyo. Kahawa chungu ya barazani baada ya Isha nimeiacha, hii imeniuma maana baraza ndio habari zote za mji, nakwenda lakini nashika kikombe cha maji ya tangawizi, mwenye buli keshazoea. Chokoleti na mnanaa vinalegeza ule msuli, wengine peremende za mnanaa wanazila kama dawa ya kiungulia. Muhogo wa kuchemsha, ndizi mbivu, boga, uji wa mtama, samaki wa mchuzi mwepesi, haya yote salama.

Pilipili yenyewe, mchana, kwangu haina tatizo. Kwa mdogo wangu ndiyo tatizo nambari moja. Kwa hiyo orodha yangu usiichukue, chukua daftari.

Wateja wanaovuta sigara na wanaotafuna tumbako kwenye tambuu wameniuliza, daktari amesema tumbaku inalegeza msuli huo huo, na uzito wa tumbo nao unasukuma. Mie suruali zimeanza kunilegea bila kukusudia, naamini ni kule kuacha sinia la saa nne.

29 Desemba: kuacha dawa

Wiki nane zilipotimia nikaacha omeprazoli siku moja. Usiku wa tatu kiungulia kikarudi kwa nguvu kuliko Agosti, kitanda juu, chakula mapema, na bado. Nikadhani kazi yote imekwenda maji. Nikarudi kwa daktari, akasema hilo linajulikana, tumbo lililozuiwa asidi kwa muda likiachiwa ghafla linatoa kwa wingi, hutulia baada ya siku au wiki kadhaa. Tukarudisha, halafu siku moja nameza siku moja naacha, halafu nikaacha kabisa huku vidonge vya kutafuna viko karibu. Sasa sinywi kitu. Wenye kumeza dawa za presha waseme hospitali, baadhi yake kama amlodipini na nifedipini zinalegeza ule msuli, lakini usiache mwenyewe, mwambie daktari.

Harusi mbili mwezi huu, biriani saa tano usiku. Ya kwanza nilikula kama watu, nikalala nimekaa kwenye kochi. Ya pili nilikula nyumbani kabla, pale nikaonja vitonge viwili vitatu kwa heshima ya wenye shughuli, nikalala vizuri.

23 Machi 2025: Ramadhani

Hii ndiyo niliyokuwa naiogopa, kwa sababu ratiba nzima inapinduka, unakula usiku tu.

Siku za mwanzo nilifuturu kama zamani, majimbi ya nazi, mbatata, katlesi, sambusa, uji, juisi ya ukwaju, kisha tarawehe. Ukienda rukuu na sujudi na tumbo limejaa vile, asidi inafika kooni ndani ya sala. Inaumiza mwili na inaumiza moyo, maana akili inakwenda kwenye koo badala ya kisomo.

Nilichobadilisha: tende, maji, bakuli la uji, naswali Magharibi. Nikirudi nakula futari moja ya kuchemsha na samaki, cha kukaanga hakuna, nainuka nikiwa bado ninaweza kula. Baada ya tarawehe maji tu, kidogo kidogo. Sujudi zikawa nyepesi.

Daku ndiyo iliyonipa shida zaidi. Sunna kuichelewesha, na watu wengi baada ya Alfajiri wanarudi kulala, yaani unalala tumbo limejaa kabisa. Nilijaribu kuila saa sita usiku kabla ya kulala, nikaunguzwa na mchana nikaishiwa nguvu. Sasa nakula mwishoni lakini kidogo, uji mzito wa mtama au boflo na yai la kuchemsha na ndizi, naswali, nakaa msikitini mpaka jua litoke nasoma, nikirudi nasinzia nusu saa kwenye kiti cha kuegemea, silali chali. Usingizi wa kweli naulipa baada ya Adhuhuri, saa hiyo tumbo ni tupu na sihisi chochote.

Kama uko kwenye dozi Ramadhani ikukute, muulize daktari, mie alinambia ningekuwa bado nameza ningeamka nusu saa kabla ya daku.

27 Aprili 2025: baada ya Idi

Sikukuu imepita na mikate yake ya kumimina na pilau, nimekula mchana nyumba kwa nyumba, usiku sikula.

Hali: kiungulia cha usiku kinanijia mara chache sana na karibu kila mara daftari linaonyesha chakula cha baada ya saa mbili. Kukohoa usingizini hakuna. Sauti imerudi.

Gharama: vigogo 18,000, kipimo 15,000, hotpoti 25,000, mpira wa godoro 6,000, dawa zote pamoja kama 20,000, kigae kilichopasuka 4,000. Kilichonifaa zaidi kwa bei yake ni vigogo.

Fundi nimempelekea mbao nyengine kwa ajili ya kitanda cha mama, yeye ni mwepesi na analala peke yake kwa hiyo tunaanza na inchi 4 azoee, asije akateleza akishuka usiku kwenda msalani. Kimo cha kitanda chake upande wa kushukia ni cha kuangaliwa kwanza, na chandarua kipimwe kabla fundi hajaanza kukata.